Saa Sita za Amandine

Jumamosi, 6 Oktoba 2018
Nimerudi kutoka kazini ghalani, miguu si yangu. Binti yangu Amandine yuko kwenye chama cha heshima shuleni, cha wanafunzi wanaojitolea. Ijumaa watoto wanavishwa beji ya daraja la pili. Lazima awe na saa ishirini za kusaidia watu wasio ndugu. Ana kumi na nne! Concilie wa ghorofa ya juu kaniambia Darius wake alimaliza zamani. Nani kamuuliza?
Nina mpango. Warundi wa hapa Haltom City, Marekani, hatukosi vyombo vichafu.

Jumapili, 7 Oktoba
Ubatizo kwa Véronique, Mrundi mwenzetu. Amandine kaosha sufuria saa nne. Kisha kamsomea mzee Révérien barua za bima, saa mbili. Wote wamesaini fomu ya shule. Mimi ni mama wa maana!

Jumanne, 9 Oktoba
Fomu imerudi, saa zote sita zimekataliwa. Palipoulizwa huyu ni nani kwako, Amandine kaandika: shangazi, babu. Nikamfokea. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ndivyo nilivyomfundisha kuwaita.

Jumatano, 10 Oktoba
Nimekwenda shuleni bila kulala. Nimemwapia mwalimu, Bi Harper, kwamba hatuna damu moja na hao watu. Akauliza, basi mzee Révérien nimemjuaje? Nikasema, huyo si ndiye babu yetu!
Kavua miwani. Katupa muda mpaka kesho.
Mpango mpya: mtu tusiyemjua kabisa. Bi Peggy, Mmarekani wa mlango wa pili. Amandine kamfulia mapazia saa tatu. Lakini ajuza anakula peke yake, jamani! Nikapeleka isombe, kisamvu chetu.

Alhamisi, 11 Oktoba
Saa tatu nyingine. Bi Peggy kalia kidogo, kasema tangu mumewe afariki hajapikiwa. Kasaini kwa furaha, kaifunga fomu kwenye bahasha, kaipeleka shuleni mwenyewe. Mungu mkubwa!

Ijumaa, 12 Oktoba
Palipoulizwa huyu ni nani kwako, Bi Peggy kaandika: bibi yake.
Darius kavishwa beji. Concilie kapiga vigelegele mpaka spika ikakoroma. Bi Peggy naye kapiga makofi, kadhani watoto wote ni wetu. Amandine kanishika mkono, kaniambia nisilie, nafasi nyingine ipo Januari.
Kweli ipo. Na Bi Harper huyu nimemwangalia vizuri, amekonda, hana mtu. Atusainie yeye mwenyewe! Jumatatu nampelekea sambusa. Amandine nimeshamwambia amwite mama mdogo.