Ng'ombe Kumi kwa Bei ya Gesi

Jumamosi asubuhi tulikuwa wanaume wanne kwenye benchi la Maman Francine pale Nyawera, mtaa usio mbali na ziwa, na yeye mwenyewe juu yetu. Huyu mama anauza kahawa na mandazi, lakini kwa kweli anatutawala. Radio, ambaye wazazi wake walimwita Ezéchiel, alikuwa ameganda kwenye simu yake kama kawaida.

"Écoutez, musikilize!" akapiga kelele. "Meli ya gesi ilitoka Amerika, inaenda Asia. Katikati ya bahari, banunuzi ba Ulaya banaongeza bei. Meli inageuza! Inaenda Ulaya!"

"Na bale benye balikuwa banangojea?" akauliza Maman Francine.

"Bangojee ingine! Zamani, Maman, ilikuwa contrat ya myaka vingt, makumi mbili, bomba moja, muteja moja, kama ndoa ya kanisa. Sasa banaigandisha gesi na baridi mupaka inakuwa maji, banapakia mu meli, na mwenye bei ya juu njo anabeba."

PDG akaweka kikombe chini. Huyu ni Papa Lucien, muuza misumari. Duka lake ni pana kama mlango wake, ila kadi yake imeandikwa Président Directeur Général, kana kwamba anaongoza kampuni. Siku hiyo alivaa koti, kwa sababu saa sita wazee wa Kalehe, watu wa mchumba Cédric, walikuwa wanaleta mahari ya binti yake Charlène: ng'ombe sita, waliokubaliwa tangu Pasaka.

"Radio, rudilia. Balikuwa bamesha kupatana?"

"Kupatana ni mudomo, PDG. Bei ni bei."

Nikaona macho yake yanawaka. Nikajua shetani keshapata kazi.

"Basi miye niko mujinga! Charlène ako na licence ya comptabilité, amesoma mahesabu mupaka université. Six ni bei ya Pasaka. Leo ni dix, kumi nzima!"

"Papa Lucien, mutoto haiko gesi," akasema Maman Francine.

"Weye unauza kahawa, Maman. Haujui marché mondial, soko ya dunia."

Willy, tunayemwita Maître kama wakili, akainua kidole. Mahakamani alifika mara moja tu, akiwa mshtakiwa wa wizi wa kuku.

"Kisheria iko sawa. Banaiita force majeure, nguvu yenye inavunja contrat."

"Majeure ya nini?" akauliza Maman Francine.

"Ya ngombe."

PDG alikuwa ameshapiga simu, tena kwa sauti ya juu, mtaa mzima usikie. Wazee walikuwa njiani, wamefika Miti na kreti zao za bia.

"Muzee, conjoncture imebadilika, soko imegeuka. Ulaya inaongeza. Ngombe ni dix."

Akainua simu tusikie sote. Kisha sauti ya mzee: "Ulaya ya nani? Charlène ako na bwana mwingine kule?"

"Apana, muzee! Ni gesi!"

"Papa Lucien, siye tunasimama hapa Miti. Tunajiuliza kwanza."

Simu ikakatika. PDG akaagiza mandazi mawili, tajiri tayari.

"Ata haukungoja nisome mwisho," Radio akanung'unika. "Banasema Qatar na Amerika banajenga viwanda vipya. Gesi itajaa mu dunia, bei itaanguka. Mwenye anangojea sana atabaki na mali yake mukononi."

"Juu ya nini haukusoma ile mbele?"

"Ulikuwa unapiga simu!"

"Angalieni ziwa yetu," akasema Maman Francine, akipuliza moto. "Chini ya maji gesi imejaa tangu babu, na miye ninapika na makaa. Tunangojea nini?"

"Bei nzuri," akajibu PDG. Tukacheka, yeye hakucheka.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, Maman Bibiane, akilia.

"Lucien! Bazee bamerudia Kalehe. Banasema habawezi kugombana na batu ba Ulaya!"

"Ubambie six! Ata quatre, ine tu!"

"Nani wa kuambia? Cédric alikuja na moto, ile pikipiki. Charlène amebeba valise ya nguo, bameenda. Yaka tofanda!"

Kila mtu benchini anajua neno hilo. Yaka tofanda ni njoo tukae: ndoa bila wazee, bila padri, bila hata kwato moja. Koti la PDG lilimpwaya ghafla, na mimi niliyekuwa nacheka nikamwonea huruma kabisa. Binti wa pekee, na hakumuaga.

Akampigia. Tulisikia upepo wa pikipiki.

"Charlène, mama, rudia. Papa alikuwa anachunguza bei tu."

"Papa, bazee ba Cédric bametuambia yote." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilimuumiza. "Unataka niende kwa mwenye ananitaka kupita bengine. Njo kule niko naenda."

Maître akafungua mdomo kutafuta kifungu cha sheria. Maman Francine akamziba kwa andazi, nasi tukaondoka mmoja mmoja, tukimwacha PDG na simu sikioni, akisema "Allô?" kwa mtu aliyekwisha kukata.