Ombi la Kuvunjiwa Ukuta wa Jiko Langu, Nambari KM/03

Hoteli ya Subira,
Mkabala na Msikiti,
Kwa Mulandi, njia ya Ikutha.

Kwa Bwana Mbaluka,
Mwenyekiti, Kamati ya Kuhuisha na Kuhifadhi Mji Mkongwe wa Kwa Mulandi.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: UKUTA WANGU UVUNJWE, AU NIELEZWE NITAISHI VIPI

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mwananchi wako ambaye bado anapumua. Natumaini hujambo, kiti hakijambo, na lile gari jipya la Kamati nalo halijambo, maana tuliliona likipita Jumatatu madirisha yote yamefungwa. Sisi huku hatujambo, ila ukuta.

Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza karani alisema iko kwako, na wewe ukasema iko kwa karani. Ya pili nilimkabidhi askari wa langoni kwa mkono wangu mwenyewe, na wiki moja baadaye nikauziwa karanga zimefungwa ndani yake. Niliyasoma upya malalamiko yangu huku nikitafuna, nikaona yalikuwa mazuri. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika tena.

Mimi ni Tumu binti Adan, mjane wa Faki aliyekuwa fundi wa posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Ndimi mwenye Hoteli ya Subira, ambapo wewe mwenyewe, kabla hujawa mwenyekiti, ulikuwa ukila muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kuomba uongezwe supu. Sisemi hivyo kukuaibisha. Nakukumbusha tu kwamba jiko hilo unalijua.

Mwaka jana Kamati ilituambia mji wetu utahuishwa na pia utahifadhiwa. Tulipiga makofi, kwa sababu kulikuwa na soda. Kisha Injinia Mutunga akaja na rangi nyekundu, akachora X kwenye kila kitu kitakachovunjwa. Baada yake akaja Bwana Jonah, mtaalamu wa turathi, na rangi ya kijani, akachora duara kwenye kila kitu kitakachobaki. Ubaya ni kwamba hawakuja siku moja. Baraza ya mbele ya hoteli yangu, aliyoijenga babu yake Faki alipopanda kutoka pwani, yenye nguzo ambazo mchwa walizijaribu miaka themanini wakakata tamaa, ilipata X na ikavunjwa kabla Bwana Jonah hajafika. Mkaweka kabro, hayo matofali ya kutandika chini. Juu ya kabro mkasimamisha bango la chuma lililoandikwa KARIBU MJI MKONGWE.

Ukuta wa jiko, kule nyuma karibu na choo, nao ulikuwa na X. Lakini Bwana Jonah alipoumulika kwa tochi aliona kwenye plasta, chini ya masizi, alama ya kiganja chenye vidole vinne. Akapiga magoti. Syokau, mpishi wangu, alidhani ameteleza, akamletea maji. Basi duara la kijani likachorwa juu ya X nyekundu, na tangu siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Jonah ameniandikia barua yenye muhuri kwamba masizi hayo ni tabaka la historia, na atakayeyafuta atashtakiwa. Afisa wa Afya naye ameniandikia barua yenye muhuri mkubwa zaidi kwamba masizi hayo ni uchafu, na nisipoyaosha ndani ya siku kumi na nne hoteli itafungwa. Leo ni siku ya tisa. Barua hizo mbili nimezilaza juu ya meza moja ili zizungumze, na mpaka sasa hazijaelewana. Nikiosha, mahakamani. Nisipoosha, kufuli. Hoteli hii ndiyo inanilisha, ndiyo inamsomesha binti yangu Ummi, na ndiyo inamweka Syokau mbali na nyumba ya shemeji yake. Sina nyingine, Bwana Mwenyekiti. Naogopa, na sioni haya kusema kwamba naogopa.

2. Mwezi wa tatu Kamati ilikaa kikao ikaamua kwamba moshi ni sehemu ya turathi, lakini mvuke wa chakula unaharibu plasta. Nimeamriwa niwashe kuni kila siku, saa tatu hadi saa tano asubuhi, bila sufuria. Chakula chenyewe nikipike nje, juani, pamoja na kuku wa jirani. Syokau alipoelezwa aliweka mwiko chini. "Mama Ummi, mimi siwezi washa moto ya bure," alisema. "Kwetu moto bila sufuria ni ya kuchoma nyumba." Ikabidi niwashe mwenyewe. Sasa wateja wakiona moshi wanaingia, wanakaa, wanangoja. Ijumaa mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, aliyetoka Kyuso bila kunywa kitu, alingoja chai saa nzima. Nikamweleza kwamba huu si moshi wa chai, ni moshi wa utamaduni. Aliniangalia kwa huruma, akaniombea dua, akaenda kwa mpinzani wangu.

3. Kamba mliyozungushia ukuta imepita mbele ya mlango wa choo. Sitaeleza zaidi. Wewe ni mtu mzima.

4. Kibao chenu kinasema kiganja hicho ni cha kiongozi wa msafara wa kale, na kwamba vidole vinne ni njia nne zilizokutana hapa: ya Kyuso, ya Wote, ya Ikutha na ya bahari. Nilimuuliza Bwana Jonah kwa nini Ikutha, ambayo mtu anaenda kwa boda na kurudi kabla ugali haujapoa, imepewa kidole gumba. Akasema hilo ni swali zuri, akaliandika. Tangu hapo wanakuja watu wa kila aina. Mabasi mawili ya wanafunzi yalikuja, wakala maandazi yote wakaacha maswali. Kina mama wawili kutoka upande wa Makueni walileta mtoto asiyelala, wakataka agusishwe ukutani. Juzi bwana mmoja wa tai alisoma kibao akaanza kulia, eti ameukumbuka ukoo wake. Nilimpa kitambaa cha kufutia meza.

5. Hili ndilo kubwa. Ummi amenisomea daftari lenu la turathi. Ukuta wangu ni KM/03. Shimo la zamani la takataka ni KM/05. Katikati yao, KM/04, ni mimi: "Mlezi wa ukuta, mwanamke, hali nzuri kiasi." Kwa hilo la kiasi nashukuru. Nimeagizwa nikae kwenye kigoda wageni wakiwapo, nisivae miwani, nisishike simu, na nikiulizwa kitu nitabasamu kama mtu anayejua siri.

Sasa kifungu cha saba cha masharti yenu kinasema kitu chochote chenye nambari kisirekebishwe, kisihamishwe wala kisiongezewe kitu bila kibali cha maandishi. Mimi ni raia mtiifu. Goti langu la kulia limechakaa, na daktari wa Wote anataka kulishughulikia. Naomba kibali. Mwezi uliopita niling'olewa jino bila kibali. Kosa langu nalikiri, na jino nimelitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, tayari kulikabidhi kwa Kamati. Tena kuna mzee mmoja wa sokoni, amefiwa na mkewe, ambaye ameanza kuniletea ndengu zilizokwisha kuchambuliwa, safi, hakuna hata jiwe moja. Mwanamume hachambui ndengu za mtu bure. Je, akinitolea posa, hayo yatakuwa marekebisho, kuhamishwa, au kuongezewa kitu? Nisingependa kuolewa kinyume cha sheria.

Baada ya kufikiri sana naomba mambo yafuatayo, kwa mpangilio wa unyenyekevu:

Kwanza, ukuta uvunjwe. X ya Injinia Mutunga bado inaonekana vizuri chini ya duara, na yeye mwenyewe kila akipita huuangalia ukuta huo kama mtu aliyeachwa na mchumba. Mpeni. Mimi nitajengewa ukuta mpya wa vigae vyeupe, Afisa wa Afya atafurahi, sufuria itarudi motoni, na Syokau ataokota mwiko wake.

Ikishindikana, ukuta ukatwe, ubebwe na kusimamishwa ofisini kwako nyuma ya kiti chako. Wageni waje kwako. Kuni nitakuletea mimi. Saa tatu hadi saa tano uzichochee mwenyewe, na mwenye kiu ya chai umweleze wewe habari za utamaduni.

Ikishindikana hilo nalo, basi tutendewe haki sawa. Kama kitu cha mji huu kinastahili kuhifadhiwa kwa sababu kimekaa mahali pamoja muda mrefu, kimeota tabaka na hakijaoshwa, basi Bwana Mwenyekiti, tusidanganyane. Umekuwa kwenye kamati za hapa tangu enzi za kanseli, kabla ya kaunti. Serikali zimekuja na kwenda, wewe umebaki. Nimeona kwamba KM/01 bado haijapewa mtu. Napendekeza uandikwe wewe, hali nzuri kiasi, uzungushiwe kamba, usirekebishwe wala usihamishwe, na moto uwashwe mbele yako kila asubuhi bila sufuria.

Naomba majibu kabla ya siku ya kumi na nne, kwa maandishi, na yasije yamefunga karanga.

Nisalimie mama watoto, karani, na askari wa langoni mwambie karanga zilikuwa tamu. Nisalimie Bwana Jonah, ambaye ni kijana mwenye adabu kuliko elimu yake. Mwambie Injinia Mutunga asikate tamaa. Syokau anakusalimia, anauliza kama bado unapenda supu ya kuongeza.

Ni mimi, niliyehifadhiwa bila kuulizwa,

Tumu binti Adan (Mama Ummi)
KM/04

Tanbihi: Bwana Mwenyekiti, nimeandika hayo yote nimeegemea huo huo ukuta, na nilipoinuka kutafuta bahasha nimeona siwezi kukupa nusu ya habari.

Ukuta huo si wa kale. Wa kale ulianguka wakati wa El Niño. Huu aliujenga Faki mwaka uliofuata, simenti tulikopa kwa jirani, na plasta ilipokuwa bado mbichi akaubandika mkono wake akasema, "Hiyo ni sahihi ya fundi." Kile kidole kidogo kilikuwa kimechukuliwa na mkanda wa posho mill. Hakuna msafara, hakuna njia nne.

Injinia alipoichora ile X, Faki alikuwa na siku arobaini na moja kaburini, na mimi nilikuwa katika eda. Sikuweza kutoka kuja ofisini kwako kubembeleza. Niliisikia baraza ikivunjwa nikiwa ndani. Kwa hiyo Bwana Jonah alipokuja kuuliza habari za kiganja, nilimjibu nikiwa nyuma ya pazia kwamba kilikuwepo kabla babu yake Faki hajazaliwa. Aliandika haraka sana, maskini. Mimi ndiye niliyeomba kamba, na mimi ndiye ninayelia kwa sababu ya kamba.

Ningeichana barua hii, lakini ni kurasa nne, goti linauma, na yale ya Afisa wa Afya ni ya kweli. Tafadhali soma lalamiko la kwanza tu, umwambie aniache. Kuni nitawasha. Kigodani nitakaa, na miwani nitavua. Bwana wa ndengu nitamrudishia ndengu zake. Kila asubuhi kabla wageni hawajafika huwa napita chini ya kamba, naweka kiganja changu ndani ya kile chake, na kidole changu cha mwisho kinakosa pa kukaa.

Barua mbili za kwanza mlizipoteza bila kuombwa. Hii ya tatu nakuomba, kwa heshima zote, unipotezee.