Sera Yangu ya Nje Hapa Guangzhou

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Viza yangu inaisha Jumamosi. Olimpiki inaanza Ijumaa, polisi wamejaa mtaa wote wa Dengfeng, wenzangu wanafungasha. Mimi sifungashi. Mimi nina historia.

Mchana, mgahawani kwa Albina, nimewaeleza kwamba Marekani na Urusi walipogombea dunia, sisi Watanzania hatukufungamana na upande wowote, na Wachina wakatujengea reli. Urafiki huo hauwezi kuvunjwa na muhuri. Kibet, Mkenya wa Eldoret anayenunua simu, akasema wao walikuwa na Marekani na walishiba. Nikamkumbusha kwamba sisi pia tulikula mahindi ya njano ya Marekani, tukayaita Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile, bila kuchagua upande. Albina akasema tule, ugali unapoa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshonesha suti ya Chou En-lai, ya kola iliyofunga shingo, kama ya marehemu baba akienda kwenye mikutano ya chama. Fundi wa soko la Zhanxi amecheka mpaka akakaa chini. Kwao huvaliwa na babu yake tu. Vizuri. Polisi nao wana babu.

Mikono imetoka mifupi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda mwenyewe kituo cha polisi, nimevaa suti yangu, kuomba viza iongezwe. Kibet alinisihi nipande treni ya Hong Kong nikaombe nyingine huko. Wivu. Akanifuata hadi mlangoni.

Afisa ni kijana mdogo. Nimemweleza kwa Kichina changu cha sokoni: reli, urafiki, kiti chao Umoja wa Mataifa tulichowapigania. Amesikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama Tanzania iko karibu na Jamaika.

Nikapandisha sauti. Akachukua pasipoti yangu, akawaita wenzake. Hapo Kibet akaingia, kichwa chini. “Samahani, afande. Huyu ni kaka yangu, joto limempanda kichwani. Kesho anaondoka.”

Nikarudishiwa pasipoti. Kaka yake, mimi! Ningekanusha, ila alikuwa ameshanivuta mpaka barabarani.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibet ataufikisha mzigo wangu wa viatu bandarini Nansha. Mke wangu Anastazia ameshawaahidi wateja Bukoba, nisingeweza kumrudia mikono mitupu. Nimemuuliza Kibet kwa nini anajisumbua. Akasema nikiondoka vibaya nisirudi, atabishana na nani. Nimejifanya natafuta tiketi ya treni ya Hong Kong mfukoni, kwa muda mrefu.

Albina amenifungia maandazi.

Jumapili, 10 Agosti, Hong Kong

Ijumaa niliambiwa, kwenye ofisi ya viza ya China hapa, kwamba hakuna viza mpaka michezo iishe. Leo Kibet kapiga simu: mzigo umeshapakiwa, nitulie, nisibuni chochote. Nimemshukuru kwa moyo wote.

Ila televisheni ya gesti inaonyesha vifaru vya Urusi huko Georgia, na Wamarekani wamekasirika. Basi ule ushindani umerudi, na kila upande utahitaji marafiki wenye uzoefu. Chumba cha jirani kuna Mrusi anayenunua manyoya. Ghorofa ya juu kuna Mmarekani, mwalimu.

Kufikia chakula cha jioni nilikuwa nimemhakikishia kila mmoja, faraghani, kwamba Tanzania iko upande wake.