Yahusu Jeki Zilizogoma Kukunja Miguu Uani kwa Mdogo Wangu

Kumb. Na. GARI/JEKI/1

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko,
Kampuni ya Jeki za Kujisawazisha.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Pokea salamu za mtu ambaye leo ni siku ya kumi na saba anaishi nusu mita juu ya ardhi bila ridhaa yake.

Mimi ni karani mkuu wa masjala, mstaafu. Nimefungua na kufunga mafaili kwa miaka thelathini na minne, na katika muda wote huo sikupoteza hata moja, isipokuwa lile ambalo wakubwa waliniomba lipotee. Wenzangu kazini waliniita Bwana Yahusu. Nakueleza haya ili ujue kuwa barua hii imetoka kwa mtu makini, si mtu wa kulalamika ovyo.

Baada ya kustaafu, mimi na mke wangu tulinunua gari la kuishi ndani, lile lenye kitanda, jiko, sinki, na choo ambacho mtu huingia akiwa amekwisha kuamua. Si jipya, lakini chini ya tumbo lina jeki zenu nne. Kazi yake, kwa mujibu wa kitabu chenu, ni kuteremka zenyewe gari linaposimama mahali pasipo sawa, na kulinyoosha mpaka chai kwenye kikombe isiegemee upande. Tulipanga safari ya wiki tatu kwenda ziwani. Mke wangu akaomba tupitie kwa mdogo wangu, seremala, tumsalimie. Nilikubali kwa masharti mawili: tukae saa moja tu, na mimi nisishuke garini.

Sharti la pili linahitaji maelezo. Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatusemezani kwa miaka tisa. Mama yetu alipofariki aliacha kabati la nguo la mbao ngumu, lenye milango miwili na kioo katikati. Mdogo wangu alilikata kwa msumeno toka juu hadi chini, akaniletea nusu yangu kwenye mkokoteni. Nusu hiyo haisimami mpaka iegemezwe ukutani, na kila nikiifungua nguo zinamwagika kwa upande usio na ubavu. Sina la kuongeza.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu kitufe. Ukurasa wa nne wa kitabu chenu unasema: "Bonyeza kitufe, kisha pumzika." Nilibonyeza. Uwanja wa mdogo wangu kwa macho ni tambarare, kumbe chini yake kuna maranda ya miaka ishirini yaliyoshindiliwa na mvua. Mguu wa mbele kushoto ukazama. Jeki ikahisi gari limeinama, ikausukuma zaidi. Ukazama zaidi. Ule wa kulia nao ukaingilia kati, na ya nyuma haikutaka kuachwa. Nikabonyeza tena, kwa kuwa kitabu hakikunikataza. Pampu iliponyamaza, magurudumu yote yalikuwa hewani na gari limetulia sawasawa kabisa. Nakiri hilo kwa uungwana: sawasawa kabisa. Lakini hata sinia juu ya meza huwa sawasawa, na sijaona mtu akisafiri nalo kwenda ziwani. Ukurasa wa thelathini na mmoja ndio unaosema kwamba kwenye udongo laini mtu aweke kwanza vipande vya mbao chini ya miguu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa seremala, Ndugu Mkuu. Mbao ndicho kitu pekee kilichokuwa tele.

2. Kuhusu ngazi. Kidaraja cha mlango wa gari kilibaki kinaning'inia, na mke wangu ana magoti yanayotaka kubembelezwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya karakana yake, penseli sikioni, akitutazama kama mtu anayekadiria mti kabla ya kuuangusha. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku tutakayokutana. Yalikuwa aya sita, na viambatisho. Badala yake nilifungua dirisha nikasema, "Ngazi." Naye akaniuliza, "Ya futi ngapi?" Ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu msiba. Kampuni yenu imeniharibia hotuba.

3. Kuhusu mlio. Kila nikiwasha gari, paneli inalia kunionya kwamba jeki ziko chini na nisiendeshe. Mafundi watatu wa karakana wameugeuza kengele ya chai. Nikichelewa kuwasha, wanatuma mtu aje kuniuliza kulikoni.

4. Kuhusu msaada wenu wa simu. Nilipokelewa na dada mwenye sauti ya asali, akaniuliza, "Mzee wangu, umevuta breki ya mkono?" Nikamjibu kwamba gari halina gurudumu hata moja chini, sasa hiyo breki imshike nani. Akaniambia nizime, nihesabu hadi mia, niwashe tena. Nilihesabu kwa sauti ili asinishuku. Kitufe cha kukunja miguu kikawaka taa ya kijani, pampu kimya. Akauliza habari za betri: nzima. Mafuta ya pampu: yamejaa. Akauliza habari za fyuzi. Kwa kuwa sanduku la fyuzi liko chini ya kiti cha mke wangu, nilimpa yeye simu, naye akajibu kwa utulivu kwamba amezitazama zote na ziko salama. Dada akashusha pumzi, akasema basi hilo ni tatizo kubwa, niandike barua.

Kitabu kinataja pia mpini wa kukunja miguu kwa mkono. Aliyetuuzia gari hakutupa mpini. Mdogo wangu akanichongea wa mbao, akaulainisha kwa msasa mara mbili, akaupaka vanishi. Ulivunjika mzunguko wa kwanza. Fundi wa magari wa jirani naye akaja, akachungulia chini, akasema haya ni mambo ya kampuni, akanywa chai, akaaga.

5. Kuhusu kulishwa. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alitangaza kwamba hakuna mtu atakayepandisha sufuria ngazini wakati yeye ana jiko chini. Nikajikuta kwenye meza ya mtu nisiyesemezana naye. Siku ya kwanza nilikula nikitazama ukuta. Siku ya pili kiti changu kilikuwa kimegeuzwa, sijui na nani. Siku ya tano mdogo wangu akaanza kuwasimulia mafundi jinsi tulivyokuwa wadogo tukamficha bata wa jirani ndani ya kapu la nguo chafu, na mama akalibeba kapu mpaka bombani huku akishangaa nguo zinalalamika. Nilicheka mpaka maji yakanipalia, na mdogo wangu akanipiga mgongoni. Kicheko kile hakikuidhinishwa na mtu yeyote, na nataka kiingie kwenye kumbukumbu zenu kama madhara.

6. Kuhusu kufanyishwa kazi. Mtu hawezi kukaa juu ya jeki kutwa nzima. Nilishuka nikakuta mdogo wangu anahifadhi oda za wateja kwenye kopo la misumari, nyingine zimechomwa msumari kabisa. Nilijizuia siku mbili. Siku ya tatu mikono ilinishinda. Hadi sasa nimemfungulia faili la Vitanda, la Madirisha, na moja nene la Wateja Waliosema Watarudi Kesho. Nimefanya haya nikiwa likizoni, kwa kosa lenu.

7. Kuhusu barua niliyoikuta. Hili ndilo zito kuliko yote, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Katika kupanga karatasi hizo, nilivuta droo ya skrubu nikakuta bahasha. Mwandiko ni wangu. Kumbukumbu namba ni yangu. Niliiandika juma la msiba, nikiwa nimekaa ofisini kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Aya ya pili inasema hivi: "Mali yote ya marehemu, pasipo kubagua, igawanywe nusu kwa nusu, na taarifa ya utekelezaji iletwe kwangu ndani ya siku saba."

Nilimfuata mdogo wangu kwenye benchi lake. Nikamwuliza kwa nini hakuja kuniuliza kama nilikusudia na kabati. Hakuinua macho kwenye randa. Akasema, "Kaka, kwa ulivyoandika, nani angethubutu kukuuliza? Sikuandikiwa na kaka yangu mimi. Niliandikiwa na ofisi." Kisha akasema kwamba alilikata peke yake, mlango umefungwa, kwa msumeno mwembamba kuliko yote aliyonayo, ili lisiumie sana. Na siku ya sita aliniletea nusu yangu, ili asivuke muda niliompa.

Sentensi ile, nikiitazama leo, ingeweza kuandikwa vizuri zaidi.

Unaona basi, Ndugu Mkuu, mlichonifanyia. Jeki zenu zingekunja miguu baada ya saa moja kama tulivyopatana, nisingeiona bahasha hiyo. Ningekuwa ziwani sasa hivi, upande wa haki, mkavu. Nilifika hapa na hasira iliyopangwa vizuri, ya miaka tisa, isiyokosa hata ukurasa mmoja. Sasa haina ukurasa wa kwanza. Mtambo unaouzwa kwa ajili ya kunyoosha magari hauna ruhusa ya kugusa mambo ya ukoo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Mniletee fundi ndani ya siku saba.

(b) Mnipatie cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba nimekaa hapa kwa sababu ya hitilafu ya mtambo na si kwa hiari yangu. Nitakionyesha kwa shangazi yetu, ambaye niliapa mbele yake kwamba sitakanyaga uwanja huu. Kwa saa tatu za mwanzo nilikuwa kweli sijaukanyaga, na ningependa cheti kiliseme hilo.

(c) Mfute neno "pumzika" katika ukurasa wa nne.

(d) Mnirudishie hasira yangu katika hali niliyokuja nayo. Kama hamna ya aina hiyo, nitapokea inayokaribiana nayo.

(e) Yote hayo yakishindikana, jeki zenu zipigwe marufuku katika uwanja wa ndugu yeyote, shemeji yeyote, au mkwe, mpaka uchunguzi ukamilike.

Mke wangu anakusalimu. Mdogo wangu na shemeji wanakusalimu, na mafundi watatu pia, ambao wamesisitiza niwataje. Nawe nisalimie dada wa simu, walinzi, watu wa stoo, na yule aliyebuni mlio. Huyo wa mwisho kwa kiasi.

Ni mimi, ninayesubiri nikiwa juu,
Karani Mkuu wa Masjala (Mstaafu)

Nakala: Jalada.

Baada ya saini: Kabla sijaibandika stempu, fundi wenu amewasili. Kumbe dada wa simu alikwisha kumtuma. Ni mama wa makamo, mtaratibu, mwenye begi la spana. Alilala chini ya gari muda wa kumenya chungwa, akatoka, akafungua sanduku la fyuzi. Fyuzi ya pampu haikuungua. Haikuwepo. Akauliza nani ameitoa. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akafungua pochi yake, akaiweka fyuzi juu ya stuli, akaendelea kuchambua. "Nilisema ziko salama," akasema. "Hii niliiweka salama zaidi." Kumbe aliitoa siku ile ile, nilipokuwa dirishani nikiomba ngazi.

Kwa hiyo jeki zenu hazina kosa lolote, na nafuta lalamiko la 1 hadi la 7, pamoja na maombi yote, hata cheti. Shangazi nitamwandikia mwenyewe, kwa lugha ya kawaida.

Fundi wenu ana fomu ya kujaza kabla ya kuondoka. Penye "Tatizo" ameandika "Hakuna". Penye "Hatua iliyochukuliwa" nimemwomba, naye amekubali baada ya kunitazama kidogo, aandike "Kipuri hakipatikani".

Tafadhali msikitafute.