Moyo wa Shemeji, Jina Langu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeficha jambo. Miguu yangu haifiki tena mwisho wa varanda bila kupumzika mara mbili, kwa hiyo naliandika leo, nisije nikazikwa nalo. Wanangu mtakaofungua daftari hili, someni mkiwa mmeketi. Nimepimwa moyo bila kufika kliniki.

Ilikuwa hivi. Mama yenu anataka likizo ng'ambo, wiki mbili, kabla hatujawa watu wa kubebwa. Tiketi mmetoa ninyi. Bima ya safari ni juu yangu. Wakala wa kwanza aliuliza umri wangu. Sabini na tisa. Akafunga kalamu. Wa pili alitaja bima inayoizidi tiketi bei. Wa tatu, binti mwenye adabu, aliahidi kunipunguzia sana nikileta cheti cha daktari kuwa moyo wangu ni mzima.

Nikamkumbuka shemeji, mdogo wa mama yenu. Miaka sitini na minane, kipara kama changu, miwani kama yangu. Hubeba mfuko wa saruji begani huku akipiga mluzi. Nilimwomba akapimwe kwa jina langu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakubali.

Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja. Nimewatoa nje vijana wengi waliokuja kuwafanyia wenzao mtihani, na najua wanakwama wapi: tarehe ya kuzaliwa, sahihi, jina la mama. Nilimkaririsha shemeji yote matatu kutwa nzima. Ijumaa alitoka kliniki anachekelea. Hakukosa hata moja.

Jumanne, 4 Juni

Kliniki imepiga simu. Daktari alianza kwa kuniuliza kama nimekaa. Akasema mshipa mkubwa wa moyo wangu umeziba karibu wote. Nifike hospitali kuu wiki hii hii. Nisipande ngazi. Nisinyanyue chochote. Nikamshukuru, nikakata simu, nikashika kifua. Kisha nikakumbuka kuwa moyo unaosemwa si wangu.

Nimwambie? Nikimwambia, mama yenu atajua. Wakala atajua. Mzee mzima, mwizi wa mtihani! Nitamwambia kesho.

Jumatano, 5 Juni

Sikumwambia.

Mama yenu alimwita aje kuhamisha kabati la nguo. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kabati, nikasema limekaa vizuri hapo tangu tuoane, lisiguswe. Mama yenu akauliza tangu lini nina mapenzi na kabati. Shemeji hakubishana. Alininyanyua mimi na kiti changu, akatuweka pembeni. Kisha akasimama katikati ya chumba, akajisugua bega la kushoto, akasema labda amelilalia vibaya.

Yeye hakutoka jasho. Nililoa mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya: barua isiyo na jina. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Bwana, nenda kapimwe moyo wako upesi, ni mimi nikutakiaye mema. Nikampa muuza maziwa aifikishe.

Saa nne shemeji alikuwa mlangoni, barua mkononi, amefura kwa hasira. Alisema kuna mtu anatishia kumuua, naye anakwenda kumtafuta mtaa mzima kwa miguu. Mama yenu akaipokea barua, akaigeuza huku na huku. Akasema huyu muuaji mwandiko wake mbovu, lakini amepiga mstari wa pambizo kwa rula na kuacha nafasi ya maksi. Akaniangalia kwa muda mrefu mno.

Nikasema yote. Cheti, kliniki, simu ya daktari, siku mbili nilizonyamaza. Nilitegemea kofi. Shemeji aliketi sakafuni polepole, kama mtu anayetua yai. Mama yenu alikuwa tayari nje anatafuta gari.

Jumapili, 9 Juni

Mshipa wameuzibua. Daktari alisema wiki moja zaidi tungekuwa tunachimba kaburi. Sikulala Ijumaa wala Jumamosi. Kila simu ilipolia nilidhani ndiyo yenyewe.

Mama yenu amesema mimi ni mpumbavu niliyemwokolea ndugu yake. Sijui ni shukrani au ni tusi. Nimeipokea kama shukrani. Wauguzi wamenipa mkono. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kisha shemeji akanivuta mkono wa shati mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Shemeji, moyo wangu wameuona. Na wako je?"

Nikamwambia wangu mzima kabisa. Nikamnyooshea shuka.

Jumatano, 12 Juni

Nimempata wakala wa nne. Anataka cheti tu, maswali hana. Fundi cherehani wa pale kona ana kipara kizuri, hana hata miaka sitini, na leo nimemwona anapanda ngazi mbili mbili akiwa na jora la kitambaa kichwani. Nimemwalika chai kesho. Sahihi yangu si ngumu, ataishika kabla ya saa sita.

Mama yenu asijue.

Wanangu, mtadhani nilifanya haya ili bima iwe nafuu. Yule binti mwenye adabu alikuwa amenipa na karatasi ya kupimwa bure, na gari la kunifuata mlangoni. Niliichana. Tangu mwaka jana, kila nikiinama kuokota kalamu, kuna kitu kinanibana kifuani. Sijamwambia mtu yeyote.

Sijawahi kupimwa. Ninaogopa.