Meza ya Watu Wanne

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Kahawa imekwisha kuchumwa. Wanunuzi binafsi wamepita na malori yao, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu, na sasa kijiji kizima kinalia redio. Ndugu yangu Vitalis amenunua redio kaseti ya spika mbili. Anakwenda nayo mpaka shambani! Mimi sitaki redio. Mimi nataka mapumziko.

Nieleze vizuri, maana hapa hasomi mtu. Mwezi wa sita nilipeleka maharage misheni ya Kigonsera. Nilipokuwa nasubiri pale mapokezi nikaona gazeti la Wajerumani. Ndani yake picha: baba, mama na watoto wawili wamekaa hotelini kwenye meza moja. Kitambaa cheupe. Maua katikati. Watoto wametulia utafikiri wako kwenye mahubiri. Baba anamtazama mama, mama anamtazama baba, na mdomoni ana chakula! Niliitazama picha ile mpaka sista akaniuliza kama najua Kijerumani.

Nimeoa mwaka wa saba huu. Sijawahi kumwona mke wangu akila. Kwetu wanaume wa ukoo tunakula pamoja kwenye sengu, barazani kwa baba. Wake zetu wanaleta ugali, wanapiga magoti, wanaondoka. Wangu anakula jikoni na watoto. Nikirudi nyumbani vyombo vimeshaoshwa. Naishi naye chini ya bati moja, na bado nina hamu naye kama mtu aliyeachana naye stendi.

Mbele za watu namwita Mama Sixtus. Ni humu tu ninapomwita Restituta. Restituta. Jina zuri sana.

Basi, mpango: Songea. Siku tatu. Mimi, Restituta, Sixtus wa miaka mitano na Luisa wa miaka mitatu. Hoteli. Meza moja. Raha mustarehe, bila haraka na bila ukoo.

Nilimdokezea jioni. Akafikiri kidogo, akasema kama nafasi ya kusafiri ipo, si twende kwao Ngumbo, watoto wakaoge ziwani. Ana miaka mitatu hajafika kwao. Nikamweleza kwa upole kwamba mapumziko ni mjini. Ngumbo hakuna hata hoteli.

Jumanne, 5 Septemba

Tatizo ni baba. Mzee Xaveri haamini kwamba mtu anaweza kusafiri na mke na watoto pasipo msiba wala harusi. Na sababu yangu haisemeki kwenye sengu. Nikisema nakwenda kukaa mezani na mke wangu watanicheka mpaka Krismasi.

Kwa hiyo leo, mikono ikiwa bado ina maji ya kunawa, nikatangaza kwamba nakwenda Songea kutafuta spea ya mashine yetu ya kukoboa kahawa. Nzuri! Baba akatafuna taratibu, akauliza kama hiyo spea ni nzito kiasi cha kubebwa na mke na watoto wawili.

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikajikuta nimesema macho ya Sixtus ni mabovu.

Ugali uliachwa ukapoa. Baba mdogo Mansuetus akasema ukoo wetu haujawahi kuwa na macho mabovu, hilo limetoka upande wa mama, watu wa ziwani, wamezoea kutazama jua juu ya maji. Vitalis akauliza mbona juzi Sixtus alimpiga kwa manati njiwa aliyekuwa juu ya paa la kanisa. Nikasema alibahatisha. Ana wivu huyu!

Baada ya mjadala mrefu sengu ikakata shauri: mtoto apelekwe Songea, na mama yake aende kumshika mkono. Ushindi! Nimeandika haya nikiwa natabasamu peke yangu.

Jumatano, 6 Septemba

Mama yangu amemfunga Sixtus kitambaa chenye majani machoni. Na Sixtus amegundua kwamba mtoto asiyeona anapewa mayai. Tangu asubuhi anatembea mikono mbele, akigonga kila kitu, hasa masufuria ya watu. Nilimnong'oneza apunguze. Akapiga kelele kwamba haoni anayemnong'oneza.

Restituta alirudi kutoka kwenye ngoro zake, mashimo yetu ya kulimia mlimani, na jembe begani, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akaniuliza, bila kucheka, kama mimi mwenyewe naona vizuri. Sikuelewa swali. Naona vizuri sana.

Jioni, pigo. Baba akasema mzigo wa mtoto mgonjwa haubebwi na mtu mmoja, na ukoo haumtupi mtu. Vitalis atanisindikiza. Vitalis akasema ameshafunga redio kwenye shuka.

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke mgomba. Mguu unauma.

Ijumaa, 8 Septemba

Tumefika Songea!

Lori la mnunuzi wa kahawa. Restituta na watoto nimewapatia nafasi mbele kwa dereva, jambo ambalo hakuna aliyenipongeza. Mimi na Vitalis juu ya magunia, na redio katikati yetu. Tulipofika karibu na Kigonsera betri zikaisha, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Vitalis akatoa mpya mfukoni.

Mji umechangamka. Bendera za vyama kila nguzo, magari ya kampeni yanapiga muziki, soda za kila rangi madukani, makoti ya mitumba yametundikwa mpaka kwenye miti. Nilijisikia mtu wa kwenye picha. Lakini nyumba za wageni zote zimejaa watu wa kampeni! Kila tulipobisha tuliambiwa turudi baada ya uchaguzi. Tulizunguka na Luisa mgongoni kwangu amelala na kuniloanisha, Sixtus na kitambaa chake machoni, watu wakitupisha njia kwa huruma. Mama mmoja alimpa andazi.

Ndipo Vitalis akakumbuka kwamba Shangazi Albina anakaa Bombambili. Mimi nilikuwa nimekumbuka tangu nyumbani. Nilikuwa naomba yeye asikumbuke.

Shangazi alifurahi mpaka akalia. Akakaanga samaki, mbasa aliyeletewa kutoka Mbamba Bay. Na sebuleni kwake, nilipoingia, moyo ukaruka: meza! Viti vinne! Nikaketi haraka, nikavuta kiti cha pembeni kwa ajili ya Restituta, nikakipangusa kwa kiganja. Shangazi akasema wanaume tukaribie mezani tusimsubiri mtu. Akamshika Restituta mkono, wakaenda jikoni na watoto.

Kwenye kile kiti alikaa Vitalis. Alikula kichwa cha samaki akinitazama, mdomoni ana chakula.

Jumamosi, 9 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Asubuhi nilimtuma Vitalis kutafuta spea. Ili asirudi mapema nilimwelezea spea niliyoitunga mwenyewe: duara, ina meno upande mmoja, tundu si katikati, na mkia. Kifaa ambacho hakipo duniani. Shangazi nilimwambia tunampeleka mtoto kwa daktari wa macho, maana nikisema hotelini ataniuliza kama kwake chakula kimekwisha.

Tukaondoka wanne. Wanne tu! Nilitembea polepole makusudi.

Hoteli iko karibu na soko. Kitambaa cha meza cha plastiki, lakini cheupe. Maua ya plastiki, lakini maua. Viti vinne. Sixtus nikamfungua macho, akatangaza kwamba amepona. Nikaagiza wali kuku na soda zenye mirija.

Restituta alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa na paroko. Alikuwa amevaa kanga mpya. Jua la dirishani lilikuwa linampiga shavuni, na mimi nilikuwa mbele yake, hatua moja tu, mchana kweupe. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu mwezi wa sita. Nilitaka kumwambia kwamba namkumbuka kila siku akiwa jikoni pale pale nyumbani. Nikafungua mdomo, nikasema wali wa Songea ni mweupe. Akakubali kwamba ni mweupe.

Luisa akamwaga soda. Sixtus akaingia chini ya meza. Sikujali! Nilimwambia Restituta ale. Akasema nianze mimi. Nikasema aanze yeye. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika kijiko, akachota. Kijiko kilikuwa njiani kwenda mdomoni.

Mlangoni ikalia redio.

Vitalis! Na wanaume wawili wa kijijini kwetu waliokuja kusikiliza kampeni. Alikuwa ameinua kitu juu kama kombe la mpira. Ameipata! Spea yenye meno upande mmoja, na tundu, na mkia! Fundi mmoja alikuwa nayo dukani na hakujua ni ya nini.

Nikataka kusimama, meza ikaja nami. Kumbe Sixtus alikuwa amefunga kamba za viatu vyangu kwenye mguu wa meza.

Restituta alishaweka kijiko chini. Akakusanya sahani yake na za watoto, akawachukua wote wawili, akamuuliza mhudumu jikoni ni wapi. Wanaume wakakaa kwenye viti vilivyokuwa bado na joto. Sengu ikakamilika. Mmoja akanisifu kwamba sikula peke yangu, nimekumbuka wenzangu.

Halafu nikamsikia. Nyuma ya ukuta, pamoja na wapishi, Restituta alikuwa anacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni, kinachokatika na kuanza upya. Miaka saba sijawahi kukisikia. Niliwaza kuvunja ule ukuta. Nilikula wali wote bila kujua ladha yake, na macho yalipojaa maji nikawaambia ni pilipili.

Vitalis akauliza daktari alisemaje. Nikasema mtoto ameshapona. Akasema madaktari wa siku hizi wana mwendo.

Jumatatu, 11 Septemba

Tumerudi. Safari imeharibika mpaka tone la mwisho.

Jana baada ya misa tulipata lori. Tulipopita Kigonsera kidogo, springi ikakatika. Dereva na Vitalis wakarudi misheni kwa miguu kutafuta fundi. Redio wakaenda nayo. Tukabaki mimi, Restituta na watoto, katikati ya vumbi, hakuna nyumba wala mtu.

Restituta akatandika kanga pembeni ya barabara, ile mpya. Akatoa viazi vitamu vya kuchemsha na kipande cha mbasa tulichofungiwa na Shangazi. Tukakaa chini wote wanne kuzunguka sufuria moja. Hakuna meza. Hakuna kiti. Hakuna ua hata moja. Watoto walikuwa wamechoka, wakatulia tuli, na Luisa akalala kwenye paja langu. Restituta akavua viatu, akakunjua miguu, akamenya kiazi, akanikatia nusu, akala. Alikuwa anaongea mdomoni ana chakula. Alisema kwao Ngumbo baba yake alikuwa akitoka ziwani wanakula wote mchangani, watoto na wakubwa, samaki wa moto, na baba alikuwa anamtolea mama yake miiba. Alisimulia mambo mengi. Nilisikia nusu tu, kwa sababu nilikuwa natazama barabara kama fundi anakuja.

Nikamtolea samaki miiba, tumalize haraka. Akanitazama muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu.

Akaniuliza juzi hotelini nilikuwa nataka nini hasa. Nikasema nilitaka apumzike kidogo na mimi, basi. Akacheka. Kicheko kile kile cha jikoni! Nikamwambia si wakati wa kucheka, lori limekufa na mapumziko yangu yamekufa. Akasema yeye anaomba fundi achelewe. Nikamwambia aache mzaha, watoto wanakula vumbi.

Fundi, Mungu ambariki, aliwahi.

Alhamisi, 14 Septemba

Spea imeingia kwenye mashine. Mashine inazunguka kuliko zamani. Jana kwenye sengu Vitalis alisifiwa kutoka kunawa mpaka kunawa. Mama anasema macho yaliponywa na majani yake, daktari alimalizia tu. Mayai yamesimamishwa, na Sixtus ameanza tena kugonga masufuria.

Mimi niliendelea na tonge langu. Restituta alileta ugali, akapiga magoti, akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka mlango wa jikoni. Hamu ni ile ile. Imezidi.

Lakini sasa nimejua kosa lilikuwa wapi. Songea ni karibu mno! Mwakani, kahawa ikiisha, Dar es Salaam. Huko hoteli ni za ghorofa, na Vitalis anaogopa kupanda hata dari. Nitatafuta meza ya juu kabisa. Kitambaa cha nguo, maua ya kweli. Baba nitamwambia Luisa hasikii vizuri, na tayari nimeanza kumwita kwa sauti kubwa mbele za watu.

Nimemweleza Restituta mpango mzima leo wakati anaanika mahindi. Akaacha kazi, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hana neno, ila kama tutasafiri tena ana ombi moja tu: twende na lori lile lile.

Lori bovu lile! Maskini mke wangu. Hajui kabisa mapumziko ni nini.