Mkono wa Kushoto wa Qutaiba

Nyamazeni, enyi mlio barazani na mlio jikoni, wekeni chini vikombe vyenu, niwasimulie jinsi Qutaiba wa Amman, simba wa paa la mama yake, alivyopigana na upepo wa dunia nzima kwa silaha moja tu, mkono wa kushoto.

Mitihani yote ya urubani wa ndege za abiria ilikwisha kusalimu amri mbele yake, ila mmoja, wa hali ya hewa, uliomwangusha mara tatu. Na sheria ya vita hiyo ni katili: aangukaye mara ya nne hupokonywa hata yote aliyoyateka.

Basi kila alasiri alipanda paani, akasimama kati ya shuka zilizoanikwa, akaupa upepo mgongo, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea alikojificha adui, yaani mgandamizo mdogo wa hewa, ambao kaskazini mwa Ikweta huwa kushoto kwa aliyeupa upepo mgongo. Kwa kichwa alikosea daima. Kwa mwili, kamwe.

"Majirani wanauliza kama unaliposa tangi lao la maji," alisema mama yake, kapu la nguo kiunoni.

"Mama, huko ndiko uliko mgandamizo."

"Huko yuko Umm Mahir na mdomo wake. Shusha mkono."

Siku ya siku ikafika. Maswali yakaanguka moja baada ya moja, hadi likajitokeza moja lenye deraya: rubani yuko kusini mwa Ikweta, upepo watoka mashariki; mgandamizo mdogo uko wapi?

Jasho likamtiririka shujaa, kwani huko kusini mambo hugeuka, na paa la mama yake liko kaskazini. Ndipo akainuka katikati ya chumba, akakitawaza kiyoyozi kuwa mashariki, akakipa mgongo; kisha, kama jemadari ageuzaye jeshi zima, akageuka akakabiliana nacho uso kwa uso, mkono ule ule hewani.

"Kijana, unamwonyesha nani jibu?" aliuliza msimamizi.

"Simwonyeshi mtu, ustadhi. Natafuta upepo."

"Wa kiyoyozi?"

"Humu hakuna mwingine."

"Na usukani wa ndege utaushika kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

"Haya, kaa. Ukiunyoosha tena nakutoa."

Akaketi. Akajibu: kaskazini.

Alama za kufaulu zilikuwa sabini na tano. Akapata sabini na tano.

Mama yake akapiga vigelegele paani hadi Umm Mahir akafungua dirisha, kisha mama akauliza, "Sasa niambie, rubani, nianue nguo au niziache?"

"Hilo hawakuuliza, mama."

Basi na vizazi vikumbuke: siku ile mgandamizo mdogo ulikuwa kaskazini, na Qutaiba aliujua.